Mimea ya Kulala na Mimea ya Kukesha

Katikati ya Desemba jua la Hannover, kaskazini mwa Ujerumani, huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na dakika chache jioni. Mchana mzima haufiki urefu wa saa nane, na siku nyingi mawingu hutanda tangu alfajiri hadi magharibi, jua lenyewe lisionekane kabisa. Tanga wakati huohuo mchana ni saa kumi na mbili na ushei. Mmea ambao asili yake ni misitu ya Tanga, ukipandwa kwenye chungu na kuwekwa katika dirisha la Hannover, huishi ukiwa umenaswa kati ya siku hizo mbili. Kuuvusha salama hadi Machi ni ufundi kamili. Nimeutazama kwa miaka, na kila msimu wa baridi unazidi kunistaajabisha.

Ni ufundi usio na karakana wala cheti. Umekaa mikononi mwa watu wa kawaida, wengi wao wastaafu, ambao wakikutana sokoni huulizana hali za maua yao kwa uzito uleule wa kuulizana hali za wajukuu. Mwalimu wangu ni jirani wa ghorofa ya chini, mama aliyeendesha tramu za mji huu mpaka akastaafu. Namwita Bibi. Kwao jirani huitwa kwa jina la ukoo, lakini nilipomweleza kwamba kwetu mtu wa umri wake haitwi hivyo, alikubali, na sasa hata wapangaji wengine wanamwita vivyo hivyo. Madirisha yake yote yamejaa vyungu, na hakuna kilichowekwa mahali kilipo kwa kubahatisha.

Oktoba inapokwisha, jambo lake la kwanza ni kuupima mwanga. Saa sita mchana huweka karatasi nyeupe pale chungu kitakapokaa, kisha hunyoosha kiganja juu yake, kama futi moja hivi. Kivuli kikitoka na kingo kali, vidole vikahesabika, hapo pana mwanga wa kutosha hata kwa mmea wa juani. Kikiwa hafifu lakini bado kinatambulika kuwa ni mkono, mwanga ni wa kadiri. Kisipoonekana, hapo hapakaliki. Mmea utakaowekwa pale utaishi kwa akiba yake hadi akiba iishe. Halafu hurudi nyuma hatua mbili ndani ya chumba na kupima tena, na hapa ndipo mgeni hushangaa: chumba kinaonekana cheupe vilevile, ila kivuli hakipo tena. Jicho la binadamu hupanua mboni yake na kuuficha upungufu. Jani halina mboni ya kupanua, hufanya kazi kwa kile kilicholifikia tu.

Majira hayo dirisha la kusini ndilo lenye thamani kuliko yote. Saa sita mchana ya tarehe 21 Desemba jua la Hannover halipandi zaidi ya nyuzi 14 juu ya upeo wa macho, na miale yake huingia karibu bapa hadi katikati ya chumba. Dirisha ambalo Julai lingeunguza majani, Desemba ndilo linalogombewa. Kwa hiyo Bibi hupanga upya nyumba nzima. Iliyokaa dirisha la mashariki huhamia kusini, yenye uvumilivu husogezwa pembeni kuipisha isiyo nao. Kabla ya hapo huosha vioo ndani na nje, kwani vumbi la kiangazi hula mwanga. Kisha hufuta jani moja moja kwa kitambaa kibichi, mkono mmoja ukilishika jani kwa chini ili lisivunjike. Kazi hiyo humchukua siku nzima, na sijawahi kumwona akiiharakisha.

Mwanga ukishapimwa ndipo mengine yote hupangwa kwa kuufuata, na hapo ndipo ninapoona akili ya ufundi huu. Mmea hunywa kwa kadiri ya kazi unayofanya. Mwanga ukipungua, usanisinuru hupungua, majani huvuta maji kidogo, mizizi nayo hunyonya kidogo, na udongo hubaki umelowa siku nyingi. Nafasi za hewa katikati ya chembe za udongo hujaa maji, mizizi hukosa oksijeni, na vimelea vya kuoza huingia. Mizizi iliyooza haiwezi kunyonya, kwa hiyo majani hulegea. Mwenye nyumba huyaona yamelegea, hudhani ni kiu, huongeza maji. Kupunguza mwanga na kuyaacha maji palepale ni sawa na kuchomoa kuni mekoni huku ukizidi kumimina unga sufuriani. Mimea mingi inayokufa majumbani wakati wa baridi haifi kwa baridi. Huuawa na huruma, kopo la maji likiwa mkononi.

Joto nalo lina mtego wake. Hita huweka chumba katika nyuzi joto 21 au 22 mchana kutwa, na joto hilo huuamrisha mmea ukue. Mwanga unaunyima chakula cha kukulia. Mmea uliovutwa huku na huku namna hiyo hutoa matawi marefu, membamba, yaliyopauka, majani yakiwa madogo na kila moja mbali na mwenzake. Wajuzi hushusha joto ili lilingane na mwanga. Chumba cha kulala cha Bibi hakizidi nyuzi 17, na nusu ya maua yake hukaa humo kwa sababu hiyo. Mbolea husimama kabisa. Hakuna kubadilisha vyungu, hakuna kukata matawi, ila yaliyokufa.

Nenda naye akague maji, utauona mkono wenye elimu. Hupita kwenye vyungu akinyanyua kimoja kimoja. Hushika chini ya ukingo kwa vidole vitatu, hukipandisha kidogo tu kutoka kwenye kisahani, hukitua. Chungu cha plastiki kilichokauka ni chepesi kiasi kwamba kinaruka mkononi. Kilicholowa hukaa chini na kuvuta kifundo cha mkono. Kati ya hivyo viwili kuna uzito wa tatu, nao ndio anaoutafuta, wa udongo uliokauka juu na ambao chini bado una ubichi kidogo. Vyungu vya udongo wa kuchoma hudanganya kwa kuwa vyenyewe ni vizito, kwa hiyo hapo huchukua kijiti cha mishikaki, hukizamisha taratibu hadi chini, hukiacha dakika chache, kisha hukichomoa na kukitazama karibu na dirisha. Kikitoka cheusi, chembe zimegandamana nacho, hurudi baada ya siku tatu nne. Kikitoka na rangi yake ya mti, wakati umefika. Maji hutekwa usiku wa kuamkia siku ya kunywesha na kuachwa jikoni yapate joto la nyumba, maana maji ya bomba ya Januari ni ya barafu kwa mzizi wa kitropiki. Siku yenyewe hunywesha kwelikweli, mpaka maji yatoke chini. Husubiri kama robo saa, kisha humwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Ile tabia ya kutia kikombe kidogo kila siku anaichukia, kwani udongo wa juu hulowa na wa chini hukauka, na chumvi za maji hujikusanya mle ndani.

Mkono huo, hata hivyo, hauwezi kukuambia kila kitu kama hujui mmea ulitoka wapi. Hili ndilo Bibi alilonifundisha ambalo sikulikuta kwa wengine wengi. Kila mmea una majira ya kwao, na mtunzaji wa kweli huuliza kwanza kama kwao kuna kiangazi.

Chukua Zamioculcas, ule mmea wa vijani vinene vinavyong'aa unaouona kila ofisi siku hizi. Asili yake ni mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, Zanzibar ikiwemo. Wataalamu wa Ulaya waliuandika tangu 1829, lakini ulikaa bila kujulikana na watu wa kawaida hadi miaka ya 1990, wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi. Ukiuchimba utakuta mashina manene ya chini yaliyojaa maji. Mmea huu unakijua kiangazi. Kwao mvua hukatika na ardhi hukauka, nao ukizidiwa huweza kupukutisha vijani vyake na kungoja. Basi Bibi huutengenezea kiangazi Ulaya. Kuanzia Novemba huusogeza mbali na dirisha, huunywesha labda mara moja kwa mwezi, na mwezi mwingine huuruka. Huo ni mmea wa kulala. Sansevieria, nduguye mkonge pori wa nyikani kwetu, hulazwa pamoja nao. Matundu ya majani yake hufunguka usiku na kufungwa mchana ili maji yasipotee, na mmea wenye nidhamu hiyo hauhitaji kubembelezwa.

Masale nayo yapo, Dracaena fragrans, yale ambayo Wachagga huyapanda kuonyesha mipaka ya vihamba. Huku huuzwa kama gogo fupi lenye vichane vya majani mapana juu, na hukaa kwenye kumbi za kungojea za madaktari na benki. Mchagga akikujia na jani la sale kuomba radhi, ni vigumu sana kumkatalia. Nikiliona gogo hilo limesimama pembeni mwa mashine ya kahawa, watu wakilipita bila kulitazama, huwa nasimama kidogo mbele yake. Masale ni ya misitu ya milimani, yenye kivuli na ubichi, kwa hiyo hayalali usingizi mzito. Hupewa nusu ya maji ya majira ya joto, mbali na hita, na ncha za majani zikianza kukauka Bibi hazikati mpaka Machi.

Ipo mimea ambayo baridi yenyewe ndiyo huifaa. Kakti ya Krismasi hutoka katika misitu ya milima ya pwani, kusini-mashariki mwa Brazili, ambako huota juu ya matawi ya miti. Ili itengeneze machipukizi ya maua huhitaji usiku mrefu, kama majuma sita ya giza la saa kumi na mbili au zaidi, na ubaridi wa wastani. Taa ya sebuleni inayowaka hadi saa nne usiku huiharibia hesabu. Ndiyo maana tangu Septemba kakti ya Bibi hukaa katika chumba kisichowashwa taa jioni. Machipukizi yakishatokeza, chungu hakigeuzwi wala kuhamishwa hadi maua yafunguke, maana kikiguswa ovyo machipukizi hudondoka.

Na ipo inayotaka baridi kabisa bila barafu. Mlimau wake na mwoleanda hukaa kwenye ngazi za jengo, karibu na dirisha la ghorofa ya pili, ambako hewa ni kati ya nyuzi 5 na 10. Wafalme waliwahi kujenga majumba kwa kazi hiyo moja. Lile la Versailles, lililojengwa kati ya 1684 na 1686, bado hupokea michungwa iliyopandwa kwenye masanduku makubwa ya mbao kila Oktoba na kuitoa nje Mei. Bibi huifanya kazi ileile kwa idhini ya wapangaji wenzake.

Sasa nifike kwenye mmea wa kukesha, ambao kwa ajili yake hasa nimeshika kalamu.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake huko Ujerumani ua dogo la zambarau aliloliona wilayani humo. Baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen, hapahapa Hannover, mtu wa kizazi cha tatu katika ukoo wa wakuu wa bustani hizo. Mwaka 1893 Wendland akaliandika na kuliita Saintpaulia ionantha. Watu waliokuwa wakiyapita mawe yenye ua hilo kila siku wakienda kisimani walikuwa wakilijua kabla ya wote hao, na sioni sababu ya kuliacha hilo bila kusemwa. Wajerumani wa kawaida huliita urujuani wa Usambara, nami nitaliita Saintpaulia, kama wafugaji wake wanavyoliita, ingawa wanasayansi wa siku hizi wameliingiza katika jamii ya Streptocarpus.

Kutoka Ulaya mbegu zilivuka bahari. Katika miaka ya 1920 kampuni ya maua ya Armacost and Royston ya Los Angeles iliziotesha, ikachagua aina kumi zilizokuja kuwa mama wa maelfu ya aina za leo. Baadaye taa za tyubu zikaingia majumbani, na watu wa miji yenye theluji wakagundua kwamba ua hilo linaweza kuchanua Januari chini ya taa ya jikoni. Mwaka 1946 wafugaji wa Marekani waliunda chama chao cha Saintpaulia, nacho kingalipo. Mengi tunayoyajua kuhusu ulezi wake yaligunduliwa na watu wa namna hiyo, akina mama wa nyumbani, makarani, walimu, waliokuwa wakiandika kwenye daftari siku ya kunywesha na siku ya kuchanua.

Ukitaka kuelewa kwa nini hufanya wanayofanya, nenda Usambara Mashariki, msitu wa Amani na vijito vyake. Saintpaulia ya mwituni haioti kwenye udongo mzito. Hujishikiza kwenye mawe, upande wenye kivuli, kwenye tabaka jembamba la kuvumwani na majani yaliyooza. Mizizi yake ni mifupi na laini kwa sababu hakuna mahali pa kwenda chini. Maji hupita juu ya jiwe na kuondoka. Miti mirefu huchuja jua, na mvua hunyesha karibu kila mwezi. Mawe hayo ndiyo kitabu cha ulezi. Mizizi mifupi inadai chungu kifupi, ambacho upana wake ni theluthi tu ya upana wa mmea. Jiwe linalomwaga maji linadai udongo mwepesi uliochanganywa na perlaiti nyingi, usioshikamana hata ukiubana mkononi. Na msitu usio na kiangazi kikali unatuambia kwamba ua hili halijui kulala miezi mitano. Ukililaza kama Zamioculcas, utaamka Machi ukute shina tupu.

Ndiyo maana Bibi hulikesheza. Ana rafu ya chuma yenye taa za LED, zilizofungwa kama sentimita 30 juu ya majani. Swichi yenye saa huziwasha saa moja asubuhi na kuzizima saa moja jioni. Wafugaji wengine hutoa saa kumi na tatu au kumi na nne ili wapate maua mengi zaidi, yeye hataki. Nje theluji inaanguka na giza limeshika tangu saa kumi na moja, ndani ya rafu hiyo mchana ni wa Amani, na usiku ni wa Amani vilevile, maana mmea huu huhitaji pia giza la kupumzika.

Kwa kunywesha hutumia utambi. Uzi wa sintetiki, kwa kuwa wa pamba huoza, hupitishwa katika tundu la chini ya chungu, ncha moja ikiwa ndani ya udongo na nyingine ikining'inia kwenye kopo la maji lenye kifuniko kilichotobolewa. Maji hupanda taratibu kadiri mizizi inavyoyanyonya. Utambi huo hufaa tu kwenye udongo mwepesi, kwani udongo mzito ungevuta maji mpaka mizizi izame. Juu ya majani haliruhusiwi tone la maji baridi, kwa sababu maji yenye ubaridi kuliko jani huua chembe za chini ya ngozi yake na kuacha pete zilizopauka zisizofutika maisha ya jani hilo. Na kwa kuwa jani lina vinyweleo vingi vinavyoshika vumbi, halifutwi kwa kitambaa. Bibi hutumia brashi laini ya kuchorea, akianza kwenye kikonyo na kumalizia kwenye ncha, mkono mwingine ukilibeba jani kwa chini. Mara moja kwa juma kila chungu hugeuzwa robo mzunguko. Majani yakianza kuinuka na vikonyo kurefuka, mmea unaomba mwanga, na taa hushushwa kidogo. Yakijikunja na kubanana katikati, umezidishiwa. Sijui lugha ya mkono iliyo wazi kuliko hiyo.

Kuhusu ukavu wa hewa nina maneno kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi hutumia nguvu pasipo faida. Hewa ya nje yenye nyuzi 10 chini ya sifuri, hata ikishiba unyevu kabisa, hubeba kama gramu 2 tu za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17. Hewa ileile ya nje ikiingia ndani na kupashwa joto bila kuongezewa maji, hubaki na takribani sehemu moja ya nane ya unyevu ambao ingeweza kubeba. Kupulizia majani kwa chupa hakutibu hilo. Baada ya dakika chache maji yameshakauka na hewa ni ileile. Kinachosaidia ni kuiweka mimea karibu karibu, kwani kila mmoja hutoa mvuke na kuupa mwenzake, kuweka vyungu juu ya masinia yenye kokoto na maji ambayo hayagusi sehemu ya chini ya chungu, na kupunguza hita.

Na hapa kuna tabia ya Wajerumani inayotisha mimea yote. Kila asubuhi, hata kukiwa na barafu, hufungua madirisha wazi kabisa kwa dakika tano kupitisha hewa, ili kuta zisiote ukungu. Bibi hawezi kuiacha desturi hiyo, na hawezi kuacha jani la kitropiki lipigwe na hewa ya nyuzi 8 chini ya sifuri. Maua yake ya dirishani hukaa juu ya masinia marefu, na kila asubuhi kabla ya kugusa kitasa cha dirisha huyabeba masinia hayo hadi kwenye meza ya chumba cha pili na kufunga mlango. Hufungua, husubiri, hufunga, hungoja chumba kipate joto, huyarudisha. Chini ya masinia ameweka vipande vya mbao, kwani ukingo wa dirisha uko juu ya hita. Mizizi ingechemka wakati majani yanayogusa kioo yanaganda. Kazi hiyo ya kubeba na kurudisha huifanya kila siku tangu Novemba hadi mwisho wa Machi, na mikono yake ina baridi yabisi.

Wadudu huja pia. Utitiri hupenda ukavu na joto la hita. Ili kuuona, Bibi hugonga jani juu ya karatasi nyeupe na kusubiri, na vidoadoa vikianza kutembea, mmea mzima huoshwa bafuni kwa maji ya uvuguvugu, hasa upande wa chini wa majani, na kurudiwa kila juma mpaka karatasi ibaki safi. Vidung'ata, jamaa za wale tunaowajua kwenye mihogo, hujificha kwenye makwapa ya majani wakiwa na nta yao nyeupe, naye huwagusa mmoja mmoja kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa spiriti. Vile vinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu hula ukungu wa udongo uliolowa wakiwa funza. Ukiviona, tatizo ni kopo lako la kumwagilia.

Katikati ya Februari mchana hufika urefu wa saa kumi, na vidole vya Bibi hupata kazi mpya. Vyungu huanza kuwa vyepesi mapema kuliko juma lililopita. Hiyo ndiyo dalili anayoisubiri, siyo kalenda wala joto la nje, kwani theluji inaweza kuwa bado imejaa barabarani. Ile iliyolala hupewa maji zaidi kidogo, kisha zaidi kidogo, na mbolea hurudi Machi ikiwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Masale huvuliwa ncha zake kavu kwa mkasi, akifuata umbo la jani.

Saintpaulia ndipo huzalishwa. Bibi huchagua jani la mzunguko wa katikati, lisilo changa wala kongwe, hulivunja kwa kulisukuma pembeni ili lisiache kisiki, na kulikata kikonyo kwa mshazari kwa wembe safi, kikibaki sentimita 3 hivi. Hulisimika kwenye udongo mwepesi wenye ubichi, hulifunika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, na kuliweka chini ya taa zilezile. Mizizi huchukua majuma matatu au manne. Miche huchomoza kwenye kitako cha kikonyo baada ya miezi miwili au mitatu, kadhaa kwa jani moja. Ikishapata majani manne yenye nguvu hutenganishwa, kila mmoja ukapewa chungu cha sentimita 5. Wapangaji wanaokuja kuichukua humwomba awape vyungu vikubwa, wakidhani ni kuitendea miche wema, naye hukataa kila mara: chungu kikubwa hushika maji mengi kuliko yanayoweza kunyweka na mizizi midogo kiasi hicho.